Oili Inavuja? Usikimbilie Kushusha Gia Boksi

Vijiji kama Gulwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, bado vinategemea pikapu kuukuu za dizeli, zikiwamo Toyota Hilux za injini ya 2L na 3L. Oili ikianza kudondoka pale injini inapokutana na gia boksi, wengi huhukumu papo hapo: sili ya nyuma ya kranki imekufa, gia boksi ishushwe. Hiyo ni kazi kubwa na ya gharama, na mara nyingi haihitajiki.

Oili hutiririka kwenda chini, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Inapodondokea sipo inapotokea. Vumbi la Dodoma nalo huganda juu ya oili na kuficha chanzo. Kwa hiyo anza kwa kuosha. Injini ikiwa imepoa, ziba njia ya hewa, funika altaneta, kisha sugua kwa brashi, dizeli kidogo na maji ya sabuni. Ikikauka, fungua ulipoziba, iwashe, iache ingurume, halafu umulike kwa tochi kuanzia juu kwenda chini.

Tazama kwanza gasketi ya kava la tapeti, hasa upande wa nyuma, kwa sababu oili yake huteremkia palepale panaposingiziwa sili ya kranki. Kisha kagua mipira ya oili ya pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta. Mmojawapo ukipasuka oili huisha haraka, na pampu ikikosa oili hufa, breki zikawa ngumu. Malizia na sili ya mbele, sampo na nati ya kumwagia oili.

Kabla hujanunua chochote, chunguza brida, yaani njia ya kupumulia injini. Injini hizi hugandamiza hewa kwa uwiano wa zaidi ya 20 kwa 1, hivyo gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo. Mpira wa brida ukizibwa na masizi, gesi hiyo hukosa pa kutokea na kuisukuma oili nje kupitia sili. Ukifunga sili mpya bila kuzibua brida, nayo itavuja. Ikiwa brida ni safi, lakini mfuniko wa kujazia oili ukifunguliwa injini ikinguruma moshi unatoka kwa nguvu na kwa mapigo, ringi zimechoka. Tatizo hilo halitibiwi kwa sili.

Unapobadilisha gasketi ya kava, safisha nyuso zote mbili na ukaze boliti kwa kiasi. Ukikaza mno kava hupinda, uvujaji ukaongezeka. Silikoni nayo isizidi: mabonge yake hukatika ndani, yakaziba chujio la pampu ya oili na kuua injini iliyokuwa nzima.

Oili chafu ikusanywe kwenye dumu. Isimwagwe korongoni wala kwenye mchanga wa mto, maana huko ndiko watu wanakochimba maji wakati wa kiangazi.

Mwenye gari ana haki ya kuoneshwa chanzo cha uvujaji kwenye injini safi kabla spana haijagusa gia boksi. Fundi anayeijua kazi yake hatakataa.