Rekodi za Vinasaba Kuanzia Daraja Mbili

Asubuhi Daraja Mbili, Arusha, kabla daladala hazijajaa, madumu ya maziwa yanashushwa kwenye pikipiki. Kwenye migahawa ya kando ya barabara yanachemshwa; mengine yanaingia kwenye chai, mengine yananywewa yenyewe na chapati mbili. Mtu mzima anayemaliza kikombe kile bila tumbo kumsumbua anafanya jambo ambalo sehemu kubwa ya watu wazima duniani hawaliwezi, na hapa Afrika Mashariki uwezo huo mara nyingi umetokana na badiliko la herufi moja tu ya vinasaba.

Chora duara kuzunguka Mlima Meru, ulipanue hadi Tanga upande wa pwani na Mwanza upande wa ziwa. Ndani ya duara hilo kuna rekodi za jeni ambazo wanabaiolojia wa dunia nzima wanazifahamu, na sisi tunaoishi humo hatuzijui. Nimezichagua hizi kwa sababu zinathibitisha jambo moja: ukubwa wa badiliko la kijeni haukuambii ukubwa wa matokeo yake. Kinachoamua ni mahali lilipoangukia na mazingira yaliyolipokea.

Herufi iliyoenea kwa kasi ya ajabu

Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktesi, kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kwa kawaida ya wanyama wanaonyonyesha, mtoto akishaachishwa, jeni ya laktesi hupunguza kazi hadi karibu kuzimika. Ukubwani akinywa maziwa, laktosi inafika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha, tumbo linajaa gesi na mtu anaharisha.

Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff, ambayo Thomas Nyambo wa Muhimbili alikuwa miongoni mwa wanachama wake, ilichapisha utafiti uliohusisha watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Washiriki walinyweshwa gramu 50 za laktosi, kiasi ambacho ungekipata kwa kunywa lita nzima ya maziwa au zaidi, kisha sukari ya damu ikapimwa mara kadhaa. Ikipanda, laktesi bado inafanya kazi. Walipolinganisha majibu na vinasaba, wakaona kwamba kwa wengi wa Tanzania na Kenya waliomudu maziwa, herufi G ilikuwa imegeuka kuwa C, herufi 14,010 kabla ya pale jeni ya laktesi inapoanzia. Jeni yenyewe haikuguswa. Kilichobadilika ni sehemu inayoiamuru iwake au izime.

Wazungu wanaokunywa maziwa ukubwani wana badiliko lao, jirani na hili lakini tofauti nalo. Maana yake ni kwamba wafugaji wa Ulaya na wafugaji wa kwetu walifika mahali pamoja kila mmoja kwa njia yake. Badiliko la Afrika Mashariki lina umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800. Wanaolibeba wana kipande kirefu cha kromosomu ya pili, herufi zaidi ya milioni mbili, kilichobaki karibu kama kilivyokuwa kwa mtu wa kwanza kuwa nalo. Katika hali ya kawaida kila kizazi huchanganya vipande hivyo. Hiki hakijapata muda wa kuchanganywa kwa sababu aliyekuwa nacho aliishi na kuzaa kuliko wenzake, kizazi baada ya kizazi. Ni mojawapo ya alama kali kabisa za uteuzi asilia zilizowahi kuonekana kwa binadamu.

Ninaipa nafasi ya kwanza kwa sababu hapa utamaduni ulitangulia na mwili ukafuata. Ng'ombe walikuja kwanza. Kama mababu wasingefuga, herufi ile ingezaliwa na kupotea bila faida yoyote.

Mnyama mrefu kuliko wote, na chuo cha Tengeru

Rekodi ya pili ina mkono wa Arusha moja kwa moja. Mwaka 2016 jenomu ya twiga, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ilichapishwa kwa mara ya kwanza, na miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Morris Agaba wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapa Tengeru chini ya Meru, akishirikiana na Douglas Cavener wa Pennsylvania, Marekani. Walimlinganisha twiga na okapi wa misitu ya Kongo, ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai, ambaye hana shingo ndefu.

Shingo ya twiga ina pingili saba, idadi ileile iliyoko kwenye shingo yako. Zake zimerefuka tu. Lakini kurefuka kuna gharama: ili damu ipande hadi kichwani, moyo unasukuma kwa shinikizo linalokaribia mara mbili ya la binadamu, na kwa mtu shinikizo hilo lingeharibu figo na kupasua mishipa ya ubongo. Watafiti walipata jeni 70 zenye dalili nyingi za kubadilika kwa ajili ya maisha ya twiga, nyingi zikiwa zinasimamia ukuaji wa kiumbe tumboni, mifupa, moyo na mishipa. Jeni moja, inayoitwa FGFRL1, ilikuwa na mabadiliko saba ambayo hayako kwa wanyama wengine waliolinganishwa naye.

Mwaka 2021 timu nyingine ikachukua mabadiliko hayo saba na kuyaingiza kwenye panya kwa teknolojia ya kuhariri jeni. Nawaomba wasomaji watulie hapa, kwa sababu hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Shingo za panya hazikurefuka. Ila walipopewa dawa inayopandisha shinikizo la damu, shinikizo lao halikupanda sana kama la panya wa kawaida, na mifupa yao ilikuwa na uzito na ugumu zaidi. Jeni moja inagusa mifupa na mishipa kwa pamoja, ndiyo maana urefu na uwezo wa kuustahimili urefu huo viliweza kwenda sambamba. Ukienda Momella ukawaona twiga wakila migunga, kumbuka kwamba siri yao inaweza kuja kuwafaa wagonjwa wa presha wa Kaloleni na Ngarenaro.

Wepesi, wazito na wasio na haraka

Ziwa Victoria lilikauka karibu lote takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Tangu hapo limetoa aina zipatazo 500 za samaki waitwao furu. Hakuna kundi lingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kuzaa aina nyingi kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Mmoja wao amepewa jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei, samaki mdogo wa miamba ya Ghuba ya Mwanza, dume lake jekundu mgongoni. Jenomu yake ilikuwa miongoni mwa tano za jamii hiyo zilizochapishwa mwaka 2014. Ndugu yake wa buluu anaishi maji ya juu, yeye anakaa chini kidogo, ambako mwanga unaofika umeegemea wekundu. Jeni ya jicho inayopokea mwanga mwekundu imetofautiana kati ya hao wawili, hivyo jike wa chini anamwona vizuri dume mwekundu na kumchagua. Jicho limetenganisha aina mbili ndani ya mita chache za maji.

Utajiri wa jeni uliowezesha mbio hizo ulikuwepo kabla. Watafiti walionyesha mwaka 2017 kwamba furu wa ziwa hili na maziwa ya jirani wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale zilizokutana na kuzaliana, zikawaachia watoto wao akiba kubwa ya jeni tofautitofauti. Kisha sisi tukaleta sangara katika miaka ya 1950, tukamwaga taka na udongo ziwani, na mamia ya aina yakapotea. Maji yakichafuka jike haoni rangi, na zilizokuwa aina mbili hurudi kuwa moja. Rekodi ya kasi ya kuzaa aina mpya ikakutana na kasi ya kuziua. Hilo linaniuma.

Upande wa pili wa duara, Tanga, wavuvi wamekuwa wakinasa samaki aitwaye silikanti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huyu jeni zake zinazotengeneza protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu aliolinganishwa nao, na jenomu ya jamii yake iliyochapishwa mwaka 2013 ilikuwa na vipande vya udhibiti vinavyoshiriki kujenga viungo. Kipande kimoja kilipowekwa kwenye kiinitete cha panya, kiliamsha jeni kwenye miguu inayochipua. Samaki ana maagizo ambayo panya anaweza kuyatumia kuunda mguu.

Samaki kamongo wa Ziwa Victoria naye, kwa vipimo vya zamani vya uzito wa DNA, amekadiriwa kuwa na herufi bilioni 130, wakati mimi na wewe tuna tatu hivi. Jenomu kubwa zaidi ya mnyama kusomwa kikamilifu hadi mwaka 2024 ilikuwa ya binamu yake wa Amerika Kusini, bilioni 91. Sehemu kubwa ya wingi huo ni vipande vinavyojirudia. Kamongo ana herufi mara arobaini zaidi yetu na bado analala matopeni.

Herufi moja, watoto 11,000

Sasa turudi kwa watu. Jeni ya beta ya himoglobini, kromosomu ya 11: A imegeuka T, asidi moja ya amino imechukua nafasi ya nyingine. Akirithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili, mtoto anaugua selimundu. Chembe zake nyekundu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, anapata maumivu makali, upungufu wa damu, hata kiharusi utotoni. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu, na inatajwa kwenye mstari wa mbele duniani pamoja na Nigeria, Kongo na India. Ulikuwa pia ugonjwa wa kwanza kuelezwa kuwa hitilafu ya molekuli, mwaka 1949, na Linus Pauling na wenzake.

Sababu ya kuenea ilipatikana huku kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba wanaobeba nakala moja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba nakala moja inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, jeni hiyo ilikuwa bima. Pasipo na mbu, haikuwa na faida.

Wengi Arusha wanadhani baridi ya Meru inawaweka mbali na habari hii. Si kweli. Daraja Mbili imejaa watu waliotoka Tanga, Musoma, Mwanza na Kigoma, na jeni haziachwi stendi. Mbebaji wa nakala moja mara nyingi ni mzima kabisa na hajijui. Wakioana wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Muhimbili, katika mpango ulioanzishwa na Julie Makani na wenzake, wagonjwa wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 2004 katika mojawapo ya makundi makubwa zaidi duniani ya kituo kimoja, na moja ya maswali ya watafiti ni kwa nini baadhi ya wagonjwa hupata ahueni kwa kuendelea kutengeneza himoglobini ya kijusi, yaani ile ya mtoto aliye tumboni. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 2023 inafanya hivyo kwa makusudi. Nchini Marekani bei yake ilitangazwa mwaka huohuo kuwa dola milioni 2.2.

Pengo la herufi 2,700

Tanzania ina kiwango cha ualbino kinachotajwa kuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, takriban mtu mmoja kati ya 1,400, ilhali Ulaya ni mmoja kati ya 17,000 au zaidi. Kwa wengi hapa chanzo ni kilekile: kipande cha herufi kama 2,700 kimekatika kwenye jeni ya OCA2, kromosomu ya 15. Kipande kilichokatika ni kilekile sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, ishara kwamba wote wamerithi kwa mhenga mmoja wa zamani sana. Lazima baba na mama wote wawe wabebaji. Mwanaume anayemfukuza mkewe kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino anamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake mwenyewe. Hatari kubwa kwa watoto hawa upande wa afya ni saratani ya ngozi, na inazuilika: Moshi kunatengenezwa losheni ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili yao.

Rekodi inayosingiziwa jeni

Nimalizie na ile inayochanganya wengi. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na maziwa ya Momella ni miongoni mwa maji yenye floraidi nyingi sana duniani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo wakati meno yake yakijijenga ndani ya fizi huota meno ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa mno mifupa nayo hupinda. Familia nzima inakuwa nayo, babu hadi mjukuu, hivyo majirani wanasema ni ukoo. Hakuna jeni iliyobadilika hapo. Wamekunywa kisima kimoja. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikifundisha kwa miaka mingi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Kwa hiyo, msomaji wa Daraja Mbili, kama una mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajaota, ulizia kama maji mnayokunywa yamepimwa floraidi. Na kama wewe na mwenzako mnapanga ndoa, nendeni hospitali pamoja mkapime selimundu kabla ya kikao cha kwanza cha harusi.