Soya ni Chakula, Si Vidonge



Siku moja mama wa kanisa alifika hospitalini akishika kichwa. Tukampima tansio, ikawa 19 kwa 11. Nikamwuliza, "Mama, vidonge vyako viko wapi?" Akajibu, "Nimeviacha, Mwinjilisti. Sasa ninakunywa maziwa ya soya." Kwa ajili yake ninaandika maneno haya.

Wanawake wengi huacha kuona mwezi kati ya miaka 45 na 55. Si ugonjwa, wala si uchawi. Mungu ameupa mwili majira yake. Lakini wakati ule homoni iitwayo estrojeni hupunguka. Mafuta hukusanyika tumboni, kolesteroli mbaya huongezeka katika damu, na mara nyingi tansio na sukari hupanda. Basi moyo wa mama unahitaji kulindwa.

Je, soya inasaidia? Ndiyo, kwa kipimo chake. Gramu 100 za soya kavu zina gramu 36 hivi za proteini, wala hazina kolesteroli. Mtu akipata gramu 25 za proteini ya soya kila siku, kolesteroli mbaya hushuka kidogo, kama sehemu 3 au 4 katika 100. Msaada ni mkubwa zaidi soya ikichukua mahali pa nyama ya mafuta. Lakini haiwezi kushusha tansio ya 19, wala haiponyi ugonjwa wa sukari.

Maziwa yake tengenezeni hivi: lowekeni soya usiku kucha, ioshweni, itwangeni, tieni maji safi, chujeni kwa kitambaa, kisha chemsheni dakika 20 mkikoroga. Msinywe mabichi, maana soya mbichi huzuia tumbo kusaga chakula. Msiyajaze sukari. Makapi msiyatupe; yapikeni pamoja na sombe.

Tena, damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila kuona mwezi, msingoje. Njoni hospitalini upesi, maana inaweza kuwa kansa ya kizazi.

Mnakumbuka habari za Danieli. Alikataa chakula cha mfalme, akala mboga. Lakini baada ya siku 10 alikubali kuangaliwa. Hakuogopa kipimo. Nanyi vilevile, kuleni soya kwa shukrani, mezeni vidonge mlivyopewa, na mje kupimwa.

Mama yule amerudia vidonge vyake. Maziwa ya soya hakuyaacha.