Fidla kwa Mtu Mzima: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hutajwa mara nyingi na watu wazima wanapoulizwa kwa nini hawajifunzi kupiga chombo cha muziki. Methali hiyo inahusu malezi ya watoto. Haimkatazi mtu wa miaka arobaini kushika fidla. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye, akiwa Rais, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Elimu hiyo ililenga kwanza kusoma, kuandika na kuboresha maisha, lakini msingi wake, kwamba akili ya mtu mzima haijafungwa, unafaa katika muziki pia.

Fidla, ambayo wengine huiita violini, si chombo kigeni kama inavyodhaniwa. Waluo wa kandokando ya Ziwa Victoria wana orutu, yenye uzi mmoja unaosuguliwa kwa uta. Wagogo wana zeze, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilipeleka katika majukwaa ya nchi nyingi. Huko Zanzibar, fidla yenyewe imekuwa nguzo ya taarabu kwa miongo mingi. Litungu la Wakurya ni la ukoo mwingine, kwa kuwa nyuzi zake hukwanyuliwa kwa vidole badala ya kusuguliwa.

Fidla ina nyuzi nne. Kila uzi hupishana na jirani yake kwa umbali wa sauti kama ule wa kutoka do hadi so. Tofauti na gitaa, shingo yake haina vizuizi vya kuonyesha mahali pa kuweka kidole. Sikio ndilo huongoza mkono. Mkono wa kulia nao hutakiwa kuuvuta uta ukiwa umenyooka, kwa uzito usiobadilika ovyo. Ndiyo maana wiki za mwanzo hutoa mikwaruzo. Mtoto huivumilia bila kujali, ilhali mtu mzima huona aibu mbele ya jirani na kuacha. Wengi hushindwa hapo kwa sababu ya aibu, wakidhani ni umri.

Mtu mzima ana faida zake. Huelewa maelezo upesi, huweza kujipangia ratiba na hujua sababu ya kujifunza. Aliyeimba kwaya kwa miaka mingi tayari ana sikio la kutambua sauti iliyopanda au kushuka, na huenda anasoma nota. Kinachompungukia ni muda na wepesi wa vidole, hasa kama kazi yake ni jembe au nyavu. Dakika ishirini kila siku humfaa kuliko saa tatu za Jumapili pekee, kwa sababu mkono hujifunza kwa kurudia. Shingo au bega likiuma, apumzike na kurekebisha mkao. Maumivu si dalili ya bidii.

Kabla ya kununua, ni busara kwenda na mtu anayekijua chombo. Mtu mzima huhitaji fidla ya ukubwa kamili, kwani zilizo ndogo ni za watoto. Mbao zisiwe na ufa, na vigingi vya kukazia nyuzi visiteleze. Daraja linalobeba nyuzi halikugundishwa. Husimama kwa mgandamizo wa nyuzi, hivyo zisilegezwe zote kwa pamoja. Uta hupakwa utomvu mkavu wa msonobari, la sivyo hautatoa sauti. Fidla isiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto, kwani gundi huachia.

Miezi ya kwanza huhitaji mwalimu, kwa sababu mkao mbaya ukizoeleka ni vigumu kuuondoa. Kwa mwenye nafasi ya kusafiri, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 hufundisha fidla pamoja na udi na kanuni, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hufundisha muziki na sanaa nyingine. Asiyeweza kusafiri aulize kwa walimu wa kwaya na muziki waliopo Musoma, Bunda na Butiama. Wanafunzi watatu au wanne wakijiunga, gharama ya mwalimu hugawanyika, na aibu nayo hupungua. Afisa Utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuonwa kuhusu vikundi vya sanaa na wasanii waliopo. Mtendaji wa Kata anaweza kumwelekeza mkazi ofisini kwake.

Asiyemudu bei ya fidla asikate tamaa. Orutu hutengenezwa kwa mti, ngozi na uzi, nayo hufunza sikio na mkono wa uta vilevile. Aidha, ujuzi wa wazee wanaopiga orutu na litungu kwa sehemu kubwa umo vidoleni mwao, haumo vitabuni. Mzee akifariki bila mwanafunzi, sehemu ya ujuzi huo huzikwa naye. Watoto wengi wako shuleni mchana kutwa; mtu mzima anayeishi jirani na mzee huyo ndiye mwenye nafasi ya kuketi naye jioni, na hilo halina haja ya kusubiri mwaka mwingine.