Ulirekebisha Faili kwa Mkono, Mashine Ikafuta? Hii Ndio Rada

Msee wangu, kama unaandika kodi (ile ya kompyuta, ya landlord tutaongea mwisho wa mwezi), sikia hii ngori yangu.

Anko wangu anauza nyama pale Burma, karibu na City Stadium. Nilikuwa namtengenezea apu ya Flutter ndio wenye hoteli waagize mbuzi na matumbo usiku, walipe na M-Pesa. Sasa mfumo wa M-Pesa unataka namba ianze na 254, na wateja wanaandika 07 ama 01. Nikafungua order.g.dart, nikaongeza mistari mitatu ya kutoa hiyo sifuri. Ikashika. Nikalala.

Maze, faili ikiishia na .g.dart jua imeandikwa na build_runner, si wewe. Juu kabisa kuna onyo kwa kizungu usiiguse na mkono. Niliiona, nikaipita tu kama mat ya Jogoo Road ikipita taa nyekundu. Ijumaa usiku nikaongeza maini kwa oda, nikaendesha build_runner tena, ikaandika faili yote upya. Mistari yangu ikaenda. Jumamosi saa kumi na moja asubuhi nyama imekatwa, na hakuna malipo hata moja inapita.

Anko ndiye alinifungua macho, na hajui kodi hata kidogo. Ako na daftari ya oda na ubao. Kila asubuhi ubao unafutwa, unaandikwa upya kutoka kwa daftari. Ukibadilisha kilo na chaki kwa ubao, kesho hazipo.

Daftari yangu ni order.dart. Hapo json_serializable inakubali uweke JsonKey inayotaja fankshoni yako mwenyewe. Sasa kazi ya 254 inakaa kwa faili yangu, na mashine inaiita hata ikiandika upya mara mia.

OpenAPI Generator nayo iko na .openapi-generator-ignore: andika jina la faili hapo, haiguswi tena. Lakini hiyo ni ya ukiwa umekwama kabisa, juu siku API ikiongezewa kitu, hiyo faili haitajua. Utaiandika wewe na mikono yako.

Na kabla uendeshe mashine, git commit. Ikimaliza, git diff, uone nini imeenda. Mimi sikuwa nimekomiti. Wateja wa hiyo Jumamosi anko aliwapea na deni, na wawili bado hawajalipa.