Nyayo za Butula na Sindano ya Soriasisi

Mkulima wa Butula ambaye nyayo zake zimepasuka hadi zinatoa damu huambiwa kwanza kwamba ana magaga, apake mafuta ya mgando. Yasipokwisha, muuza dawa pale Bumala humpa krimu ya fangasi. Krimu nayo ikishindwa, jirani humnong'oneza kwamba amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Na lipo jambo la nne ambalo wengi huliogopa bila kulitamka: ukoma.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi katika kaunti ya Busia. Hapo Alupe, kando ya barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, palijengwa zamani za ukoloni Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki, kwa kumbukumbu ya daktari John Lowe, aliyepata sifa kwa kazi yake ya kutibu ukoma kwa vidonge vya dapsoni kule Uzuakoli, Nigeria. Baadaye kituo hicho kikawa chini ya KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, kikachunguza ukoma pamoja na maradhi mengine ya ngozi. Vizazi vizima vimekua vikijua kwamba mtu mwenye vidonda vya mikono na miguu hupelekwa Alupe, na kwamba akirudi watu humwogopa.

Ugonjwa ninaoueleza hapa si ukoma, si fangasi, wala hauambukizi. Ni soriasisi ya viganja na nyayo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huichokoza ngozi bila sababu. Seli za ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kuzaliwa chini na kupukutika juu, hukamilisha safari hiyo kwa siku chache tu. Hujaa, hurundikana, hugeuka magamba mazito, kisha hupasuka. Mwenye nao unaweza kumsalimia kwa mkono, ukala naye sahani moja, ukavaa viatu vyake, na usipate kitu.

Kuutambua kunahitaji macho na subira kuliko mashine. Mtaalamu huanza kwa kugusa wayo kwa kijiuzi cha pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho. Mwenye ukoma mara nyingi hahisi kitu kwenye baka. Mwenye soriasisi huhisi, na zaidi ya hapo huumia. Kisha hukwangua magamba kidogo, huyatia dawa ya potasiamu hidroksaidi, na kuyatazama kwa darubini kama yana nyuzi za fangasi. Halafu huacha nyayo na kupanda juu: kucha zina vishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano? Viwiko na magoti yana magamba? Kichwani, nyuma ya masikio, kuna kile ambacho mgonjwa amekiita mba kwa miaka? Unyayo mmoja ukitazamwa peke yake huweza kumdanganya hata daktari mzoefu. Mwili mzima ukitazamwa, mara nyingi jibu hujitokeza.

Sasa, mbona ugonjwa wa sehemu ndogo kama hii uhitaji dawa ghali ya sindano? Hapa ndipo hesabu za madaktari zilipomwonea mgonjwa kwa muda mrefu. Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili. Viganja viwili na nyayo mbili kwa jumla havifiki hata asilimia 6. Majaribio makubwa ya dawa za soriasisi yalikuwa yakimtaka mgonjwa awe na ugonjwa kwenye asilimia 10 ya ngozi au zaidi. Kwa hiyo mtu asiyeweza kushika jembe, asiyeweza kufua wala kumenya muhogo, anayetembea kwa visigino kama aliyekanyaga makaa, kwa karatasi alionekana mgonjwa mdogo. Wakati huohuo mwenye mabaka mgongoni, anayevaa shati na kwenda zake kazini, aliingizwa kwenye jaribio. Na shida ya mkulima ina jambo la ziada: msuguano wenyewe huchochea soriasisi. Mpini wa jembe unapomjengea jirani yake sugu ya kawaida, yeye humletea gamba jipya.

Dawa za kibayolojia ni kingamwili zilizotengenezwa ndani ya seli hai kwenye maabara, kila moja ikilenga ujumbe mmoja tu wa kinga ya mwili. Adalimumabu huzuia ujumbe uitwao TNF. Sekukinumabu huzuia intalukini 17, ujumbe unaoziamuru seli za ngozi kuvimba na kuzaana ovyo. Hazimezwi, kwa sababu tumbo lingezisaga kama linavyosaga nyama. Hudungwa chini ya ngozi.

Kuzipima kunafanywaje? Watu wa Busia wana haki ya kuelewa jambo hili kuliko wengi, maana moja ya majaribio mashuhuri duniani lilifanyika kwao. Kuanzia mwaka 1998, huko Budalangi na Funyula, shule 75 za msingi ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipewa dawa za minyoo mwaka 1998, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Waliofuatilia matokeo, Michael Kremer na Edward Miguel, hawakuchagua shule walizozipenda wala zile zenye walimu hodari. Shule ziliorodheshwa kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu, ili kundi moja lisitofautiane na jingine kwa jambo lolote isipokuwa dawa. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa aina hiyo ya utafiti.

Jaribio la sindano ya soriasisi hufuata mantiki hiyohiyo, kwa ukali zaidi. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi hudungwa dawa, wengine hudungwa plasebo, yaani sindano inayofanana kabisa na ile ya dawa lakini haina dawa ndani. Mgonjwa hajui kapewa ipi, na daktari anayempima hajui. Watu husikia neno plasebo wakadhani wanachezewa. Ukweli ni kwamba soriasisi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na mtu anayetunzwa vizuri na kupewa mafuta hupata nafuu kidogo hata bila dawa. Bila kundi la plasebo, nafuu hiyo ingehesabiwa kuwa ya dawa, na nchi nzima ingenunua maji kwa bei ya dhahabu.

Jaribio lililoitwa GESTURE lilikuwa la viganja na nyayo peke yake. Lilichukua wagonjwa 205. Theluthi moja walipewa sekukinumabu miligramu 300, theluthi ya pili miligramu 150, theluthi ya tatu plasebo: sindano kila wiki mwanzoni, kisha mara moja kila wiki nne. Baada ya wiki 16, viganja na nyayo vilikuwa safi au karibu kuwa safi kwa asilimia 33.3 ya waliopewa miligramu 300, asilimia 22.1 ya waliopewa 150, na asilimia 1.5 ya waliopewa plasebo, yaani mtu mmoja tu kati ya 68. Kisha wale wa plasebo nao wakaanza kupewa dawa, kama zile shule za kundi la tatu zilivyofikiwa na zamu yao. Miaka michache kabla ya hapo, jaribio dogo la adalimumabu lenye wagonjwa 72 lilikuwa limeonyesha sura inayofanana: asilimia 31 kwa dawa, asilimia 4 kwa plasebo.

Theluthi moja si haba kwa ugonjwa sugu kama huu. Lakini ilinganishe na jaribio la ERASURE, lililochapishwa mwaka 2014, ambapo sekukinumabu hiyohiyo kwa kipimo hichohicho cha miligramu 300 ilisafisha, au karibu kusafisha, ngozi ya asilimia 65.3 ya wenye soriasisi ya mwili baada ya wiki 12. Mizani ya kupimia haikuwa sawa kabisa, hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Ngozi ya unyayo ni nene, hukanyagwa kutwa, na haipumziki. Daktari angetegemea takwimu za mgongo, angemwahidi mkulima maradufu ya kile ambacho dawa inaweza kumpa.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu anayechanganya watu, yule anayeleta vijipele vya usaha kwenye viganja na nyayo. Hapo dawa ilijikwaa. Katika jaribio la 2PRECISE lenye wagonjwa 237, asilimia 26.6 ya waliopewa miligramu 300 walifikia nafuu iliyolengwa kwa wiki 16, dhidi ya asilimia 14.1 ya plasebo, na kwa kanuni walizojiwekea watafiti wenyewe jaribio lilihesabiwa kuwa halikufaulu. Walilichapisha hivyo hivyo. Mimi huliheshimu jaribio hilo kuliko mengi yaliyofaulu, kwa sababu linamkinga mgonjwa asitumie pesa ambazo hana.

Ninalotaka kusema ni hili: jaribio humjibia yule tu aliyeingizwa ndani yake. Viganja vilisubiri miaka mingi kupata jaribio lao. Mtu wa Butula bado yuko kwenye foleni.

Tuchukue kifua kikuu. TNF ndiyo inayosaidia mwili kuwafungia ndani vijidudu vya kifua kikuu waliolala. Ukiizuia, wanaweza kuamka. Ndiyo maana kila anayetaka kuanza dawa hizi hupimwa kwanza kifua kikuu, homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na mwenye kifua kikuu kilicholala hupewa kwanza dawa za kinga. Dawa zinazozuia intalukini 17 zina hatari ndogo zaidi upande huo, ingawa huweza kuleta fangasi za kinywani. Sasa fikiria Busia, mpakani, penye madereva wa malori wanaolala foleni Malaba, na maambukizi ya virusi vya Ukimwi yaliyo juu ya wastani wa nchi. Mwenye virusi vya Ukimwi kwa kawaida hukataliwa kwenye majaribio haya. Na ndiye huyohuyo ambaye soriasisi yake huweza kulipuka ghafla na kwa ukali. Anayehitaji jibu zaidi ndiye asiyeulizwa.

Au tuchukue rangi. Alama za ugonjwa hutolewa kwa wekundu, unene na magamba, kila kimoja kuanzia 0 hadi 4. Kwenye kiganja cha Mwafrika wekundu huweza kuonekana, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyepesi rangi. Geuza mkono: juu yake wekundu huo huwa zambarau, kijivu au hudhurungi iliyokolea, na asiyezoea ngozi yetu huandika sifuri. Angalau limefanyika jaribio la VISIBLE, lililopima dawa ya guselkumabu kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi na ya rangi pekee. Ni mwanzo mwema. Bado lile la mikono inayolima.

Kisha kuna jambo la jokofu. Sindano hizi huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku nzima, dawa ya bei kubwa yaweza kuharibika na isionekane imeharibika. Bei yenyewe iko mbali na mfuko wa mkulima wa muhogo na miwa. Jaribio lililofanywa Alupe au hospitali ya kaunti lingetuambia pia kama dawa inafaa katika mazingira yetu, na hilo halijibiwi na hospitali ya London.

Likija, lije kwa utaratibu. Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu, ina tume ya NACOSTI, na ina kamati za maadili za taasisi. Jaribio lisilopita huko ni uvunjaji wa sheria. Mtu akikufuata Butula akikuomba uingie kwenye jaribio, muulize kibali kiko wapi, nani atakutibu ukidhurika, na baada ya jaribio kwisha utapata dawa au utaachwa. Sahihi unayotia haikufungi. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Kwa leo, yapo yanayofaa na yaliyo karibu. Mafuta mazito na marhamu ya asidi ya salisiliki hulainisha gamba. Krimu kali ya steroidi kama klobetasoli husaidia ikitumiwa kwa muda na kwa maelekezo, si ile inayouzwa mpakani ikichanganywa na dawa za kujichubua. Methotreksati ni dawa ya zamani na nafuu kwa bei. Humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku, kwa kuwa kuimeza kila siku kumeua watu. Hailingani na mimba wala pombe. Na vidonge vya prednisoloni, ambavyo maduka ya dawa huvitoa kwa kila muwasho, viogope: huleta nafuu ya haraka, na ukiviacha soriasisi huweza kurudi kwa kishindo, wakati mwingine na usaha mwili mzima.

Kama nyayo zako zimepasuka kwa miezi mitatu na krimu ya fangasi haijafua dafu, usinunue nyingine. Nenda hospitali ya Butula au ya rufaa pale Busia, vua viatu vyote viwili, onyesha kucha, viwiko na kichwa, na umwombe anayekuhudumia akupime hisia za ngozi kabla hajakuandikia dawa yoyote.