Mali Bila Daftari, na Mtu Je?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba hata mtu aliyeandikwa daftarini hupotea vivyo hivyo, ikiwa kwao hapana anayeijua namba yake.

Babu yangu mzaa baba alitoka nyumbani Mombasa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akaaga kuwa anakwenda Keya. Alimwacha bibi ana mtoto mdogo, ambaye ndiye baba yangu, na mimba changa, ambayo ndiye shangazi yangu. Babu hakurudi. Bibi hakuletewa habari ya kifo wala ya uhai, na kwa kuwa hakuwa na ushahidi wa kumpelekea kadhi, hakukaa eda wala hakuolewa tena. Aliingia kaburini akiwa angali mke wa mtu.

Mwaka juzi shangazi aliniita. "Mwanangu," akasema, "najua baba hawezi kuwa hai. Lakini alikufa lini, na wapi? Wewe ni mtu wa kalamu. Nitafutie kabla sijamfuata."

Basi nikaiandikia ofisi moja inayohifadhi mafaili ya askari wa zamani. Nikataja jina la babu, jina la baba yake, na kikosi: Keya, yaani KAR. Jawabu lilikuja baada ya miezi minne, nalo lilikuwa maswali matupu. Namba yake ya jeshi ni ipi? Wewe ni nani wake? Ushahidi wa kifo uko wapi?

Nilihamaki. Ushahidi wa kifo ndio niliokuwa nikiutafuta kwao!

Nilipotulia, niliona kuwa maswali yale hayakuwa ya bure. Faili la askari si orodha ya vita alivyopigana tu. Huweza kuwa na maradhi yake, adhabu alizopewa, na jina la mtu aliyemwandikisha kuwa ndiye jamaa yake wa karibu. Huko Uingereza, kwa mfano, askari aliye hai faili lake halifunguliwi kwa mtu mwingine bila idhini yake. Akifa, kwa muda wa miaka 25 asiye jamaa yake wa karibu, wala hana idhini ya jamaa huyo, hupewa mambo machache tu. Na sisi Waislamu tumefundishwa kumsitiri mwenzetu, sembuse maiti asiyeweza kujitetea.

Nikamuuliza shangazi, "Je, likifunguliwa tukakuta kesi, au mke mwingine?"

Alinyamaza kitambo. "Nataka siku na mahali," akasema. "Mengine ni yake na Mola wake."

Ndipo tukalifungua kasha la bibi. Chini ya kanga tulikuta karatasi ya fedha, kwani zama zile askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa kwa watu wake. Palikuwa na namba, na kando yake jina la kikosi. Halikuwa la KAR, bali la kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kumbe nyumbani kwetu kila aliyeingia jeshini aliitwa mtu wa Keya, na mimi nilikuwa nimebisha hodi mlango usiokuwa wake!

Tukatazama orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi kwa kila mtu bila malipo. Babu alikuwamo. Jina lilikuwa limeandikwa vibaya na karani, "bin" imeondolewa na herufi mbili zimebadilishwa. Lau si namba ile, nisingalimjua. Tarehe ilikuwa 12 Februari 1944.

Siku hiyo meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa walipita 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kikosi cha 301. Hawana makaburi. Majina yao yamewekwa kwenye ukumbusho ulio ndani ya Makaburi ya Vita, Ngong Road, Nairobi.

Nilimpeleka shangazi. Nilimwonyesha jina, akaligusa kwa kidole, akasoma Fatiha. "Aliyekufa maji ni shahidi," aliniambia tukirudi. Jumaa iliyofuata tulimfanyia khitma, miaka 80 baada ya kifo chake.

Lile faili sikuliomba tena. Sasa ninayo namba, na shangazi ndiye mtoto wake aliyebaki. Akitaka atatia sahihi, nami nitaandika. Hajataka, nami sitamshurutisha.

Lakini wewe msomaji, ikiwa kwenu kuna mzee aliyekwenda vitani, usingoje. Yatafute makaratasi yake, medali zake na barua zake. Andika namba yake, kikosi chake, na jina lake kama jeshi lilivyoliandika, si kama mlivyozoea kumwita nyumbani. Muulize aliye hai kabla hajaondoka. Faili laweza kungoja kabatini miaka mingi, lakini ajuaye lihusulo nani hangoji.