Kasoro Hii Apewe Nani?

Wengi wetu hudhani programu ya kompyuta ikishatoka imekamilika. La! Kila programu huwa na kasoro, na kila kasoro inahitaji mtu wa kuirekebisha. Je, apewe nani?

Chukueni mfano wa OpenMRS, programu ya kuweka rekodi za wagonjwa. Ilianzishwa mwaka wa 2004, na mwaka wa 2006 ikaanza kutumika Eldoret, papa hapa Kenya. Watengenezaji wake wako nchi nyingi, wengine wanajitolea tu. Kasoro huandikwa katika orodha moja. Mtu huchagua anayoiweza na kuweka jina lake, ili wawili wasirudie kazi moja. Zile rahisi hutiwa alama kwa ajili ya wanagenzi.

Mbona fundi hodari asipewe zote? Nendeni Tabaka kwa wachongaji wa mawe. Mmoja huchonga, mwingine husugua kwa msasa na maji. Mchongaji akiachiwa yote, kazi itarundikana na wengine hawatajifunza. Hata darasani kwetu, anayejua hesabu ndiye huitwa ubaoni kila siku. Mimi wa nyuma chaki sijaishika tangu kidato cha kwanza!

Basi ugawaji wa haki hutazama mambo matatu: ujuzi wa mtu, mzigo alio nao tayari, na nafasi ya kujifunza. Kasoro ya hatari, kama ile ya kuchanganya dawa za wagonjwa, apewe stadi upesi. Ndogo apewe mwanagenzi, stadi aikague. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.